Darasa la Viti

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kusahaulika mtaani. Watu walimwita Mama Makochi, naye aliitika bila kinyongo, maana makochi ndiyo yaliyomlisha. Alikuwa na karakana ya kuvisha viti nyuma ya kituo cha mafuta, banda la mabati lenye cherehani moja ya vitambaa vizito, marundo ya sponji yaliyofika darini, na harufu ya gundi iliyomfuata hata kwenye harusi za watu. Kazi aliirithi kwa baba yake. Wateja wapya walikuwa wakiingia na kuchungulia nyuma ya mgongo wake kumtafuta fundi mwanamume. Yeye huwaacha wachungulie wee mpaka wachoke, kisha huwauliza kama kuna kitu wamepoteza.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, mwenye miaka kumi na minne. Mafundi wa pale walimwita Bosi, kwa sababu tangu udogoni alikuwa na tabia ya kulizunguka kila kochi lililokamilika, akipitisha kidole kwenye mishono yote, na akikuta pini imekaa upande husema "bado" na kwenda zake. Fundi aliyebisha alijichosha bure.

Bosi alikuwa na usonji. Daktari alimweleza mama yake hivyo mtoto alipokuwa mdogo bado: kwamba anaisikia na kuiona dunia kwa namna yake, kwamba makelele yatamuumiza na mabadiliko ya ghafla yatamvuruga, na kwamba hataacha kuwa hivyo akishakua. Ila anaweza kusoma, akasema daktari, akipata walimu wanaomwelewa. Mama Makochi aliondoka pale akiwa ameyashika maneno hayo ya mwisho tu, mengine akayaacha mezani.

Walimu hao alidhani amewapata. Shule za jirani zote zilikuwa zimemkataa Bosi kwa lugha tamu, hii ikisema madarasa yamejaa, ile ikisema haina mtaalamu. Mdogo wa kike wa Mama Makochi, waliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa mwalimu kwenye shule ya msingi upande wa pili wa mji, na ndiye aliyemwombea nafasi huko. Kila asubuhi Bosi aliondoka na mama yake mdogo, na kila jioni alirudi naye. Mama Makochi akiuliza hali ya masomo, mdogo wake alijibu kwamba mtoto anaendelea vizuri, siku hizi ametulia sana. Na kweli alikuwa ametulia. Zile jioni za kujigonga kichwa ukutani zilikuwa zimepungua. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, kila alipopiga simu kutoka huko njiani aliambiwa hivyohivyo, akashukuru, akaendelea na safari.

Siku yenyewe ilianza kwa habari njema. Fundi seremala mmoja, mtu mwembamba waliyemwita Msumari, alipata kazi ya kutengeneza viti vibovu vya shule, na viti vya walimu vilihitaji kuvishwa upya, kwa hiyo akaja kumchukua Mama Makochi wakapime pamoja. Aliposikia ni shule gani, mama wa watu alicheka. Angemchungulia mwanawe darasani bila kumwomba mtu ruhusa. Alivua aproni, akavaa gauni la heshima, akachukua futi kamba na vipande vya vitambaa vya mfano, wakaenda.

Aliyewapokea alikuwa mtunza stoo, mgeni pale shuleni, asiyejua nani ni mzazi wa nani. Aliwapitisha kando ya madarasa kuelekea nyuma ya jiko. Mama Makochi alikuwa akirefusha shingo kwenye kila dirisha, akikitafuta kichwa cha Bosi katikati ya vichwa vya wenzake. Hakukiona, akajiambia labda darasa lao liko upande mwingine. Walipofika kwenye jengo refu lenye vidirisha vidogo, mtunza stoo alitoa funguo, akageuka kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Msishtuke, kuna mtoto humo ndani," alisema. "Hana tatizo, hasumbui. Anakaa tu."

Msumari akauliza mtoto gani tena anayekaa stoo. Yule bwana alijibu kwamba hata yeye alimkuta. Aliambiwa ndiyo sehemu yake.

Mlango ulipofunguka, vumbi lilielea kwenye mwanga wa kidirisha. Viti vilikuwa vimerundikwa miguu juu mpaka karibu na dari, ila katikati palikuwa na uwazi uliofagiliwa, na hapo viti vingine vilikuwa vimepangwa vizuri: vilivyovunjika mguu peke yake, vilivyong'oka mgongo peke yake, vilivyopasuka makalio peke yake. Kijana mmoja alikuwa ameketi amewapa mgongo, begi mapajani, akipitisha kidole kwenye ukingo wa ubao. Mama hahitaji kuuona uso ili amjue mwanawe. Futi kamba ilimponyoka, ikajikunjua sakafuni. Alisikia mtu akivuta pumzi kwa sauti kama aliyemwagiwa maji baridi, na ikamchukua muda kutambua kwamba mtu huyo ni yeye.

Bosi aligeuka. Hakuonekana kushangaa.

"Mama," alisema, "hapa si karakana."

"Unafanya nini hapa, baba?"

"Niko darasani."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Hakuna mwalimu. Hili ni darasa la viti."

Msumari alimdaka kiwiko. Mtunza stoo alikuwa akimwangalia huyu, mara yule, na rangi ya uso ikimbadilika, maana sasa alikuwa ameelewa.

Ofisini, mwalimu mkuu alimkaribisha kiti, akamwagizia maji ya kunywa. Alikuwa mtu wa sauti ya taratibu, anayeongea huku amekutanisha ncha za vidole. Alieleza kwamba kengele ikilia kijana alikuwa akipiga mayowe, kwamba wazazi wa watoto wengine walikuja kulalamika, kwamba darasa lenyewe limefurika. Wakamtafutia mahali pa utulivu. Anakula na wenzake, hajawahi kupotea wala kupigwa. Wapo watoto wa aina hiyo, akasema, wanaofungiwa majumbani.

"Na humo anafundishwa nini?" aliuliza Mama Makochi.

Mwalimu mkuu alitazama dirishani kidogo. "Tuseme ukweli, mama," alisema kwa upole. "Wewe ungetaka tumfundishe nini?"

Mama Makochi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Uongo angeujibu, ulimi wake haukuwa wa kukopa. Lakini swali hilo lilimkuta mtupu. Aliketi akiutazama mdomo wa yule mtu kana kwamba maneno yangerudi ndani yenyewe. Mwalimu mkuu, kwa kudhani ukimya huo ni kuridhika, akaongeza kwamba alishangaa kumwona amekasirika, kwa kuwa aliyetoa wazo hilo ni mdogo wake mwenyewe. Yeye alidhani familia imeshaelewana.

Ndipo mdogo mtu akatokea mlangoni. Habari zilikuwa zimemfikia darasani, vidole bado vina chaki. Walitazamana. Tangu wazaliwe, wawili hawa walikuwa wakimalizana maneno. Mmoja akianza sentensi, mwingine huimalizia. Safari hii hakuna aliyeanza.

"Tangu lini?" hatimaye aliuliza mkubwa.

"Tangu mwaka juzi, dada."

Mwaka juzi. Mama Makochi alizikumbuka asubuhi zote za kumpigia pasi shati, kumchongea penseli, kumfungia chakula kwenye begi, na kumpungia mkono mpaka akate kona. Yote hayo, kwa ajili ya stoo.

"Walikuwa wanamfukuza," mdogo wake alisema. "Barua ilikuwa tayari. Nikaomba abaki popote, hata pembeni, ili mradi asirudishwe nyumbani. Nilidhani ni kwa muda mfupi. Kisha nikaona ametulia, na wewe umefurahi, nikashindwa pa kuanzia. Ningekuambia ungemtoa, dada. Ungemtoa umpeleke wapi?"

Mkubwa alipita ubavuni mwake bila kumgusa, akarudi stoo kumchukua mtoto. Huko nako akakwama. Bosi aligoma kuondoka: muda wa kwenda nyumbani ulikuwa haujafika, na yeye hakuwa mtu wa kutoka darasani kabla ya kengele. Kumburuta asingeweza, kijana alikuwa amemzidi kimo, na kushikwa ghafla kulimtia wazimu. Basi Mama Makochi akavuta kiti kimoja kati ya vile vilivyong'oka mgongo, akaketi karibu naye. Walikaa hivyo mama na mwana, vumbi likiwashukia, sauti za watoto wakiimba jedwali la kuzidisha zikifika kwa mbali kupitia kidirisha. Kengele ilipolia, Bosi alisimama, akavaa begi, akasema, "Sasa."

Jioni hiyo jambo jingine lilimjia, na hilo lilimuumiza kuliko maneno ya mwalimu mkuu. Bosi hakuwahi kumficha kitu. Kila siku alipomuuliza leo mmesoma nini, mtoto alijibu "viti". Kila siku. Na yeye alicheka, akamwambia Msumari kwamba damu ni damu, mtoto wa fundi hata shuleni anawaza kazi. Aliketi kwenye kitanda, kiganja mdomoni, akiuhesabu ukubwa wa jambo aliloambiwa waziwazi naye asilisikie. Alimpigia mumewe, akamweleza yote. Kisha yule mwanamume aliuliza kama mtoto amekula, basi, akashindwa kuendelea.

Kulipokucha alianza kuzunguka. Kwenye ofisi ya elimu, afisa alimsikiliza huku akipanga kalamu zake, akasema mtoto anaonekana yuko shuleni na hakosi hata siku, sasa malalamiko ni yapi. Alipoelezwa, akasema umri nao umekwenda, kijana wa miaka kumi na minne aanzishwe wapi. Shule moja ilikuwa na kitengo cha elimu maalumu, lakini cha viziwi. Nyingine ilimkubali kwa sharti kwamba mama aje akae naye kutwa nzima, na alipouliza makochi atayavisha saa ngapi, walimwonea huruma wakamfungulia geti. Msumari ndiye aliyebaki akishikilia karakana, akiwaambia wateja fundi mkuu yuko vitani.

Aliporudi kwa afisa elimu mara nyingine, alikuwa kwenye foleni alipohisi mtu amesimama nyuma yake. Alikuwa mdogo wake. Hawakuwa wameongea tangu siku ile. Mama Makochi aligeuza uso mbele, na walipoitwa, mdogo mtu akaingia naye bila kukaribishwa, akasimama mbele ya meza, akaeleza yote: nani aliamua, stoo ni ipi, mtoto alikaa humo kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka humo kwa mkono wake. Alisema akijua kabisa kwamba kazi inaweza kumtoka. Afisa aliacha kupanga kalamu.

Mama Makochi alimtazama mdogo wake wa kumfuta makamasi, aliyekuwa mwoga hata wa kuku, akizungumza bila kutetemeka. Alipigwa na butwaa. Alitaka aendelee kumchukia, na hasira ilikuwa haijaisha hata kidogo, lakini chini yake kilikuwa kimeingia kitu kingine ambacho hakukitaka. Walipotoka nje kila mmoja alishika njia yake.

Maneno yale yalifungua milango. Mwalimu mkuu aliitwa, akahojiwa, akahamishwa. Mdogo mtu alipewa onyo kali na kubakishwa kazini. Na Bosi alipangiwa shule nyingine yenye kitengo cha watoto kama yeye, ambako angesoma na mwalimu wa elimu maalumu, na masomo atakayoyamudu angeyasoma kwenye darasa la kawaida akiwa na mwalimu msaidizi. Mama Makochi alirudi karakana siku hiyo akawanunulia soda mafundi wote.

Bosi aligoma kuingia. Alifika getini, akasimama, akasema anataka darasa la viti. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu alijitupa chini, akajigonga kichwa, mpaka wapita njia wakajaa. Mama yake aliwaomba warudi nyuma. Alikuwa amepigana na dunia nzima kumtoa mtoto shimoni, na mtoto analia kurudi shimoni.

Mwalimu wa kitengo alitoka nje, mtu mnene aliyetembea na raba za soli laini ili asitoe mshindo. Hakumgusa Bosi. Aliketi ukingoni mwa mtaro, mbali kidogo, na kijana alipotulia akamuuliza mama yake kule stoo kulikuwa na nini alichokipenda. Mama Makochi alichemka. Alisema kule ni stoo, kuna vumbi na panya.

"Nimekusikia," alisema mwalimu. "Lakini yeye umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Katika kuzunguka kote kule, ofisi baada ya ofisi, aliongea na kila mtu kuhusu Bosi isipokuwa Bosi. Aligeuka, akachuchumaa, akaacha nafasi kati yao kama alivyopenda mtoto.

"Baba, kule kulikuwa na nini kizuri?"

"Kengele iko mbali. Hakuna anayenigusa. Kiti ukikiweka, unakikuta palepale."

"Na kipi hukukipenda?"

"Mwalimu hakuja," alisema Bosi. "Mimi nilisubiri. Kila siku nilisubiri mwalimu."

Alisema bila machozi, kama mtu anayesoma bei ya kitambaa. Mwaka juzi hadi leo, Mama Makochi akidhani mtoto hajui alichonyimwa, kumbe alikuwa ameketi anamsubiri mwalimu aingie. Yule mwalimu mnene alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachelewa kuivaa.

Tangu hapo walianza upya, wakimfuata mtoto. Alipewa kona yake kando ya kabati, na kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukisogeza. Msaidizi alimwonyesha saa kabla ya kengele ili azibe masikio mapema. Mwanzoni aliingia kipindi kimoja tu akarudi nyumbani, kisha viwili. Haikuwa njia nyoofu. Alimng'ata msaidizi mkono, alichana pazia, kuna wiki nzima alirudishwa karakana na Mama Makochi akavisha viti huku akijifuta machozi kwa kiwiko. Lakini aliporudi alikuta kona yake palepale, na hilo lilimtuliza kuliko bembelezo lolote. Muhula uliofuata alianza kukaa kipindi cha hesabu na darasa la kawaida, kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Kisha, mchana mmoja, simu ililia Mama Makochi akiwa amepiga magoti mbele ya kochi, pini mdomoni. Alikuwa mwalimu wa kitengo. Alisema si dharura, mtoto mzima, ila aje. Mama wa watu hakusikia hayo mengine, alisikia "aje". Aliliacha kochi uchi, akakimbia. Njiani, akilini, alimwona Bosi ameumia, amefukuzwa, amewekwa mahali. Hilo la mwisho lilimfanya aongeze mbio.

Alimkuta nje ya ofisi, amesimama kwenye mstari na wavulana wawili wa darasa la kawaida, wote watatu wamechafuka matope mpaka magotini. Mwalimu alieleza kwamba walitoroka kipindi cha hesabu, wakapenya kwenye uzio, wakaenda kutazama greda likitengeneza barabara. Mama Makochi alipandwa na hasira, akauliza ni nani kati ya hawa wawili aliyemchukua mwanawe.

"Hapana, mama," alisema mwalimu, akijitahidi kukaza uso. "Yeye ndiye aliyewachukua wenzake."

Alimgeukia Bosi. Bosi alikuwa akitazama matope kwenye viatu vyake kwa kuridhika kabisa.

"Kwa nini, baba?"

"Hesabu ilikuwa inachosha."

Mama Makochi alijikuta ameketi kwenye ngazi bila kukumbuka ameketi lini. Mwalimu alisema adhabu yao ni kumwagilia bustani ya shule, na kama mzazi ana pingamizi aseme. Mzazi alisema hana, apewe sawa na wenzake, asipunguziwe hata ndoo moja.

Alisimama kando ya uzio akiwatazama. Mmoja wa wale wavulana alijaza ndoo bombani, akaiweka chini hatua chache mbele ya Bosi, akarudi nyuma ili aichukue mwenyewe. Hakuna mtu aliyemwelekeza kufanya hivyo. Mama Makochi alitoa simu, akaitafuta namba ambayo hakuwa ameipiga tangu siku ile ya stoo.

"Bosi ametoroka darasa," alisema Mama Makochi, mara tu mdogo wake alipopokea.

Yule akashtuka. "Yuko wapi, dada? Mmemwona?"

"Yupo. Anamwagilia maua, amepewa adhabu. Alitoroka na wenzake."

"Na nani?"

"Na wenzake," alisema Mama Makochi. "Wewe sikia ninavyokuambia. Na wenzake."

Upande wa pili mtu alikuwa akilia, au akicheka, haikujulikana vizuri. Kisha mdogo wake akaomba asimuliwe tangu mwanzo, polepole, asiruke kitu. Mama Makochi aliegemea uzio, akaanza na greda.